Pakanga Fupi ya Milima ya Idaho: Kijani Kisikudanganye

Ukitoka Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho huku Marekani, kuelekea milima ya Owyhee mwishoni mwa Aprili, theluji ikiwa inarudi nyuma kuelekea vileleni, utakuta miteremko imevaa kijani. Mfugaji aliyekulia Minembwe kule Kongo au Ruyigi kule Burundi akiuona ujani ule, moyo humtuma afungue zizi siku hiyo hiyo. Nawaandikia ninyi mnaofikiria kukodi malisho upande ule, na ninyi mlioajiriwa kuchunga: msifungue bado.

Tuanze na kichaka kinachoota kwenye miteremko ile. Kijivu, kifupi, mara nyingi sentimita 20 hadi 50, hakikufiki hata gotini. Chuma jani: ncha yake ina meno matatu. Lisugue kiganjani na harufu itakukumbusha ile atemisia ambayo wengi wetu tumeinywa kwa homa. Ni ukoo mmoja, ukoo wa pakanga, na uchungu ni ule ule. Jina lake la kitaalamu ni Artemisia arbuscula. Hapa nitaiita pakanga fupi. Ina ndugu mkubwa, Artemisia tridentata, anayeweza kumpita mtu kimo, na mara nyingi wawili hawa hupakana kabisa: hatua tano unatoka kwenye vichaka vya kifuani unaingia kwenye vya mguuni.

Wageni hudhani hivi vifupi ni vichanga, au vimeliwa. Sivyo. Kichaka kisichofika gotini kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wako. Ufupi ule ni habari za udongo. Chukua jembe uchimbe: juu kuna tabaka jembamba lenye mawe, kisha, kabla shimo halijafika kina cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, jembe linagonga udongo wa mfinyanzi uliokazana. Maji ya theluji hayapiti hapo. Yanatuama juu yake, na majira ya kuchipua ardhi inakuwa uji. Ikifika Julai ni tofali. Pakanga kubwa haivumilii mizizi yake kuloweka hivyo, fupi inavumilia.

Hapo ndipo penye neno langu kuu. Usiangalie majani, angalia nyayo. Mpitishe mnyama mmoja, kisha chutama. Ukwato ukiacha shimo linalokaa na kingo zake, na hasa kama maji yanachuruzikia ndani, funga zizi na endelea kulisha nyasi kavu kwa wiki nyingine. Kundi likipita kwenye uji ule, udongo hukandamizwa, miche hung'oka, na tabaka lile jembamba, ambalo ndilo shamba zima, huanza kuondoka na maji. Halirudi katika maisha yako.

Wengine huniambia, "Hata kwetu tunalisha kwenye matope." Ni kweli, ila kwetu mvua na joto huja pamoja. Nyasi zikiliwa masika, vuli huziokoa. Huku maji mengi huja kama theluji wakati wa baridi, na joto linapokuja mvua imekwisha. Nyasi zina wiki chache tu za kuwa na vyote viwili. Zikikatwa vibaya mwezi wa Mei au Juni, zinangoja mwaka mzima.

Nyasi zenyewe huota kwa mafungu, kila fungu peke yake, na ardhi tupu au mawe katikati. Ya kwanza kuamka ni Poa secunda, ndogo, mizizi yake juujuu. Ndiyo inayotengeneza ule ujani wa kudanganya, kisha inakauka mapema. Chakula hasa kimo katika mbili nyingine. Festuca idahoensis ina majani membamba kama nywele na hupenda miteremko ya baridi inayotazama kaskazini (huku jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo kaskazini ndiko kwenye kivuli). Pseudoroegneria spicata ni ndefu zaidi na hustahimili ukavu. Hii ya pili ina siku zake za hatari: pale bua linapovimba, suke likiwa bado ndani, hali ile ile tunayosema mpunga umebeba mimba. Ikiliwa vibaya wakati huo, hudhoofika kwa miaka. Kwa hiyo usilishe eneo moja katika majira yale yale kila mwaka. Mwaka huu ukiingia mapema kiasi, mwakani ngoja mbegu zikomae.

Na uache kiasi gani? Kata fungu moja usawa wa ardhi, lifunge kwa uzi, lilaze juu ya kidole mpaka litulie bila kuinama. Hapo kidole kilipo ndipo nusu ya uzito. Utashangaa jinsi kilivyo karibu na mashina: uzito mwingi uko chini, kwa hiyo sentimita chache za mwisho anazokwangua mbuzi ni chakula kingi kuliko unavyodhani, na ni uhai wa mmea. Mwaka 1955 Franklin Crider wa Idara ya Kilimo ya Marekani alichapisha majaribio ya kukata nyasi kwa viwango mbalimbali. Alipoondoa asilimia 80 ya majani mara moja, mizizi yote ilisimama kukua kwa siku 12. Alipoondoa asilimia 90, siku 17. Katika nchi yenye wiki chache za kukua, siku 17 ni nyingi mno. Mimi ningempa mnyama theluthi moja ya uzito na kuishia hapo.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi, maana najua mazoea yetu ya kuchoma majani makuukuu yachipue. Huku usijaribu. Pakanga fupi haichipui kutoka shinani. Ikiungua imekufa, na mbegu zake haziendi mbali. Festuca nayo huungua hadi kwenye moyo wa fungu. Mahali pao huingia nyasi vamizi, Bromus tectorum, ambayo wafugaji wa huku huiita chitigrasi: huota vuli, hukauka mapema kiangazi, kisha huwa kuni za moto unaofuata. Mbaya zaidi kwenye mfinyanzi ni Taeniatherum caput-medusae, yenye suke la nywele ndefu ngumu. Wanyama huikataa, na mbegu zake husafiri kwenye sufu. Kondoo wakitoka mahali ilipo, wakague na uwaweke zizini siku kadhaa kabla ya kuwahamisha.

Kuna sababu moja zaidi ya kuchelewa. Mmea wa kitunguu chenye sumu, usio na harufu yoyote ya kitunguu, huchomoza kabla nyasi hazijashika, na kondoo wenye njaa huufakamia. Delphinium, yenye maua ya samawati iliyokoza, huua zaidi ng'ombe. Lupini nayo, mmea wa jamii ya kunde, ng'ombe akiila kati ya siku ya 40 na ya 100 ya mimba, ndama anaweza kuzaliwa na miguu iliyopinda.

Kwenye makubaliano utasikia hesabu ya mwezi wa malisho: ng'ombe mmoja na ndama wake kwa mwezi mmoja, sawa na kondoo au mbuzi watano. Kabla ya kutia sahihi, mwombe mwenye ardhi akupeleke Agosti, si Mei. Tembea katikati ya vichaka ukiangalia chini. Mafungu yakiwa yamekaa usawa wa ardhi na mabua ya msimu huu yamesimama, zungumzeni bei. Yakiwa yameinuka juu ya vichuguu vidogo, mizizi iko nje, udongo wa katikati umeshaondoka.