Kuhutubia kwa Lafudhi Yako Mjini Moshi

Anayejiandaa kuhutubia mkutano wa ushirika au sherehe ya harusi mjini Moshi hana haja ya kuficha lafudhi yake ya Kichaga, Kipare au Kimaasai, kwa kuwa Kiswahili sanifu, ingawa msingi wake ni Kiunguja kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, hakimlazimu mtu kumwigiza Mzanzibari. Kinachostahili jitihada ni matamshi yanayogeuza maana. Wengi wetu wa bara hutamka dh kama z na th kama s, hata dhana ikasikika zana na thamani ikawa samani. Kwa hiyo pitia hotuba yako, yapigie mstari maneno ya namna hiyo, kisha uyasome kwa sauti huku ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu. Mkazo, kwa kawaida, uweke kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Waamkie wazee kwanza. Baada ya hapo usiharakishe: tua kila hoja inapokamilika, hasa ukumbini penye mwangwi, na umwombe mwenzako aketi safu ya nyuma akuashirie asiposikia.