Mkaratusi wa mtaani kwenu ni upi? Anza kuangalia chini

Wadau habari zenu. Mwaka 2020 kipindi kile nyumba nyingi Dar zinajifukiza nyungu, mama mkubwa alinituma nikamtafutie majani ya mkaratusi. Nikaenda kwenye mti mmoja mrefu mweupe huku huku Goba ninapokaa, nikakata matawi mawili nikampelekea, akafikicha jani moja akanusa, akaniambia mwanangu, hili mbona linanuka limau? Na kweli lilikuwa linanuka limau kabisa, sio ule ukali unaopanda puani kama dawa ya kuchua kifua. Sikukosea, mti ule ulikuwa mkaratusi kweli, ila sio ule anaoujua yeye tangu utoto kwao Mufindi. Toka siku ile nikaanza kuifatilia hii miti na leo nawapa njia ninayotumia kuijua, maana wengi wetu tunajua mkaratusi ni mti mmoja kumbe kuna aina zaidi ya 700 na karibu zote asili yake ni Australia.

Majina kwanza. Dar tunasema mkaratusi, Iringa na Njombe utasikia milingoti, na kule Australia wenyewe wanaiita miti ya gundi kwa sababu ya utomvu mwekundu unaotoka kwenye gome likijeruhiwa. Yote hayo ni majina ya ukoo mzima, hayakwambii umesimama chini ya mti gani.

Sasa watu wengi wakitaka kutambua mti wanaanza na gome, wanapiga picha shina wanauliza huu ni mti gani. Mi nakuomba usianzie hapo. Gome linabadilika na umri, linabadilika na msimu, na mti huo huo mmoja chini unaweza kuwa na magamba mazito na juu ukawa mlaini kama umepakwa chokaa. Majani nayo yanadanganya, nitaeleza. Kitu kisichobadilika sana ni tunda na kofia ya ua, na uzuri wake huhitaji kupanda wala kukata tawi la mtu, vimedondoka chini vinakusubiri. Kwahiyo ukifika kwenye mti inama kwanza, okota, jaza kiganja, alafu ndo uinue kichwa. Ila ukiokota angalia na juu kuna nini, mikaratusi mikubwa ina tabia ya kuangusha tawi zima hata siku ya jua kali isiyo na upepo, usiweke mkeka hapo ukakaa.

Tunda la mkaratusi ni kama kikombe kidogo cha mti, gumu, na mdomoni kwake kuna vimeno vitatu, vinne au vitano ambavyo vikikauka vinafunguka mbegu zinamwagika. Angalia vitu vitatu. Ukubwa, weka pembeni ya sarafu ya mia mbili upige picha, hiyo ndo rula yako. Umbo, yani ni nusu duara, ni kama pea, ni kama mtungi wenye shingo, au ni kama bakuli pana. Na vile vimeno, vimechomoza nje ya mdomo au vimezama ndani huvioni mpaka uchungulie. Hicho cha mwisho watu wanakipuuza wakati kinatenganisha aina nyingi.

Mti wangu wa limau wa Goba nilipookota matunda yake nikakuta ni vimitungi, urefu kama sentimita moja hivi, shingo imebana kidogo na meno yamezama ndani kabisa. Huo ni Corymbia citriodora, asili yake Queensland, na zamani uliitwa Eucalyptus citriodora mpaka mwaka 1995 wataalamu wawili wa Australia, Ken Hill na Lawrie Johnson, walipoutenga pamoja na wenzake kadhaa wakawapa jenasi yao (yani kundi lao la kitaalamu) ya Corymbia, kwahiyo ukiona majina mawili tofauti usichanganyikiwe, mti ni ule ule. Harufu yake ya limau inatokana na kemikali inaitwa sitronelali, wakati ule mkali wa mama mkubwa una kemikali nyingine nyingi, sineoli. Kwa anayetafuta majani ya kujifukiza tofauti hiyo ni kubwa, mvuke hautanuka wala kupanda puani kwa namna moja. (Na tafadhali, mafuta ya mkaratusi ya kwenye chupa sio ya kunywa, kwa mtoto ni sumu, yaweke mbali.)

Baada ya tunda tafuta kofia. Ua la mkaratusi halina petali za kuonekana kama la waridi, linafunikwa na kifuniko kidogo, siku ikifika kifuniko kinabanduka kinaanguka na zile nyuzi nyingi za stameni zinajitandaza, mara nyingi nyeupe au rangi ya krimu, na nyuki wanajaa. Jina lenyewe Eucalyptus limetoka hapo, ni Kigiriki maana yake kilichofunikwa vizuri, alilitoa Mfaransa L'Héritier mwaka 1788 akitumia tawi lililochumwa kisiwa cha Bruny huko Tasmania mwaka 1777 kwenye safari ya tatu ya kapteni Cook. Mi nikiona vile vikofia vimetapakaa kwenye mchanga nafurahi sana maana nusu ya kazi imeisha. Kofia fupi yenye kijincha kama mdomo wa ndege ni kitu kimoja, kofia ndefu iliyochongoka kama pembe ni kitu kingine, kofia yenye vinundu na unga wa bluu ni kitu kingine kabisa. Kama bado kuna vitumba juu ya tawi hesabu viko vingapi kwenye kikonyo kimoja. Kimoja? Vitatu? Saba? Kumi na moja? Hesabu vishada vitano sita usihesabu kimoja, kuna vinavyodondoka kabla.

Majani sasa. Kosa kubwa ni kuchuma jani la chini kwa sababu ndo linafikika. Mkaratusi una majani ya utotoni na majani ya utu uzima na mara nyingine hayafanani kabisa utadhani miti miwili. Na mti uliokatwa ukachipua, yale machipukizi ya kwenye kisiki yanatoa tena majani ya utotoni hata kama kisiki kina miaka thelathini. Kwahiyo okota jani lililoanguka kutoka juu, au chukua yote mawili uandike lipi ni lipi. Alafu fanya hivi: ligeuze. Kama juu na chini rangi ni moja, sawa, kama juu ni kijani kilichokolea kinang'aa na chini kumepauka, hiyo ni alama kubwa. Liinue kwenye jua utaona vidoto vidogo vinapitisha mwanga, hivyo ni vifuko vya mafuta. Mishipa nayo iangalie, ile jamii ya Corymbia mishipa yake ya pembeni imebanana sana kama kitana na imelala karibu pembe mraba na mshipa wa kati. Mwisho fikicha unuse.

Gome sitakaa nalo sana. Kuna laini linalobanduka vipande na kuacha mabaka ya kijivu, nyeupe na kahawia, kuna la nyuzi nyuzi unaweza kulivuta kama katani, kuna jeusi gumu lenye mifereji mirefu ambalo limejaa ule utomvu uliokauka, Waaustralia wanalilinganisha na chuma, na kuna la vigae vigae vidogo. Piga picha mbili, usawa wa kifua na juu kabisa. Na mirunda ya saiti au nguzo za umeme usihangaike nazo, zimeshamenywa, hapo hakuna cha kusoma.

Huku pwani na Dar mingi niliyokutana nayo ni ya aina mbili zinazofanana kama mapacha, Eucalyptus camaldulensis na Eucalyptus tereticornis. Yote ina shina laini la mabaka, majani membamba ya mundu yanayoning'inia, rangi moja pande zote, vitunda vidogo chini ya sentimita moja na vimeno vinne hivi vimechomoza nje kama kinyota. Camaldulensis ndo ule unaomea kandokando ya mito karibu Australia yote bara, na cha ajabu jina lake ni la Camaldoli huko Napoli, Italia, ulielezewa kitaalamu mwaka 1832 kutokana na mti uliopandwa kwenye bustani ya kule. Kofia yake kwa kawaida ni fupi ina kijincha. Tereticornis ndo wa kofia ya pembe, ndefu mara mbili au zaidi ya kikombe chake.

Ukipanda Nyanda za Juu Kusini mambo yanabadilika. Eucalyptus grandis ina soksi, yani gome la magamba mita chache za chini alafu juu shina jeupe laini, majani yana juu kijani kilichokolea na chini kumepauka, vitumba saba, tunda kama kijipea chenye unga mweupe na meno membamba yanayojikunja kwenda ndani. Saligna ni ndugu yake kabisa ila meno yake yamesimama wima au yanatazama nje. Na ule wa mama mkubwa, globulus, huo ukishauona huusahau, majani ya utotoni ni ya bluu-kijivu yana unga, yamekaa mawili mawili bila kikonyo kwenye tawi lenye kona nne, na tunda linakaa peke yake, kubwa na pana, lina vinundu na mbavu. Joto la Dar haliupendi.

Kuna miti inayodanganya. Mvinje wa Ocean Road nao umetoka pande hizo za Australia lakini hauhusiani, vile unavyodhani ni majani ni vijitawi vyembamba kama sindano. Mkesia, ambao Zanzibar upo mwingi, una majani ya mundu kama mkaratusi kabisa, ila mishipa yake inakwenda sambamba kutoka mwanzo mpaka ncha, ukiufikicha haunuki dawa, na tunda lake ni ganda lililojisokota kama sikio, sio kikombe.

Na kama mti umekataa kukaa popote usilazimishe, siku hizi inapandwa mingi ya mahuluti, hasa grandis iliyochanganywa na camaldulensis, yenyewe inachukua kidogo huku kidogo kule.

Nimalizie na pacha wangu. Nje ya geti letu kuna mmoja ambao karibu mwaka mzima sikuweza kuamua kama ni camaldulensis au tereticornis, kila nikifika vikofia vimeshafagiliwa na dada wa usafi. Mwisho nikafanya hivi na wewe unaweza: chuma matunda yaliyokomaa ila hayajafunguka, kumi yanatosha, yatie kwenye bahasha ya karatasi, sio ya nailoni yataoza, weka sehemu kavu siku tatu nne. Yatafunguka yenyewe. Mwaga kwenye karatasi nyeupe utaona makapi mengi na mbegu ndogo ndogo mno, chukua tochi ya simu. Mbegu za camaldulensis ni za njano, zina maganda mawili. Za tereticornis ni nyeusi au kahawia iliyokolea sana, ganda moja. Nilimwaga mezani saa mbili usiku mama mkubwa akiwa pembeni ameshika tochi, zikatoka nyeusi tupu.