Rola ikimbie kuliko roboti

Mnaounda roboti ya kuokota mipira kwa FIRST, mashindano ya roboti ya wanafunzi, anzeni na kasi. Uso wa rola, ule mrija unaozunguka na kuuvuta mpira ndani, uende karibu mara mbili ya mwendo wa roboti, la sivyo mtakuwa mnausukuma mpira mbele badala ya kuumeza. Zidisheni mzingo wa rola kwa mizunguko yake kwa sekunde, mtaipata.

Halafu mbano, yaani rola iubonyeze mpira kiasi gani. Mpira wa sponji wa msimu wa 2020, kipenyo sentimita 18 hivi, ulibonyea kirahisi. Ule wa 2022, wa sentimita 24 na wenye hewa ndani, ulikuwa mambo mengine kabisa. Jaribuni kwenye mbao kwanza: toboeni matundu kadhaa ya ekseli ya rola, juu na chini, mjaribu mbano tofauti kabla ya kukata aluminiamu. Na mipira isigusane njiani, ikisuguana, inakwama.