Pisa, Lucca, Florence na Siena kwa gari la familia

Miji hii minne ya Italia inafuatana vizuri. Kutoka Pisa hadi Lucca ni kama kilomita 20, Lucca hadi Florence chini ya 80, Florence hadi Siena kama 70. Barabara hazisumbui. Kinachowaponza wageni ni kuingiza gari mjini.

Katikati ya miji hiyo pamewekwa ZTL, yaani eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi. Hakuna geti wala askari, ni kamera tu. Alama yake ni duara jekundu lenye weupe katikati, na mara nyingi chini yake pana ubao wa taa. Ukisoma "varco attivo", usidhani njia iko wazi: maana yake kamera inafanya kazi, usipite. "Varco non attivo" ndiyo ruhusa. Ukipita kamera mbili, faini zaweza kuwa mbili. Huja miezi kadhaa baadaye, na kampuni ya kukodisha gari hukukata ada yake juu ya faini hiyo, kwa kuwapa wenye mamlaka jina lako. Usiiamini ramani ya simu. Haikwepi ZTL kila mara. Hoteli ikiwa ndani ya eneo hilo, waulize kabla ya kufika kama wanaweza kuisajili namba ya gari.

Kwa hiyo gari liache nje. Lucca, egesha nje ya ukuta. Watoto watafurahia kuendesha baiskeli juu yake, mzunguko wa kilomita 4 hivi. Florence, tumia maegesho ya Villa Costanza, yanayoingiwa kutoka A1 yenyewe, barabara kuu ya kulipia. Tiketi ya A1 baki nayo, kisha panda tramu T1 hadi kituo cha treni cha Santa Maria Novella. Kwenda Siena, endelea na A1, tokea kituo cha Firenze Impruneta, ushike barabara ya Siena isiyo na tozo. Egesha kwenye maegesho ya Santa Caterina: ngazi za umeme zitawapandisha kilima, maana kusukuma kigari cha mtoto pale ni adhabu.

Mtaani, kwa kawaida mistari myeupe ni maegesho ya bure, ya bluu ya kulipia, ya njano ina wenyewe.

Kwenye vituo vya tozo, epuka njia za Telepass pekee, yaani za magari yenye kifaa cha kulipa tozo bila kusimama. Ukikosea, usirudi nyuma. Bonyeza kitufe cha msaada. Ukipoteza tiketi utatozwa kana kwamba umetoka kituo cha mbali kabisa.

Leseni ya Tanzania au Kenya iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Gari la otomatiki liagize mapema, mengi ni ya gia za mkono. Mtoto chini ya sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake. Kumbuka pia kule huendesha kulia, na kipilefti huzungukwa kinyume cha tulivyozoea.

Pisa, mtoto ambaye hajafika miaka 8 haruhusiwi kupanda mnara. Mwambieni kabla hamjafika, si mlangoni.