Namna ya kujua kama kampeni ya kupunguza unene kwenye shehia imefanya kazi

Kiwanja cha mazoezi kikijaa alfajiri, sote hufurahi. Lakini wingi wa watu hauonyeshi kama viuno vimepungua. Hapa Wete, Pemba, napima hivi.

Hatua ya 1: Pima kabla kampeni haijaanza. Muombe sheha orodha ya kaya, uchague kwa kura. Ukipima waliojitokeza wenyewe, umepima wenye hamu tu. Tafuta na shehia nyengine inayofanana, isiyo na kampeni, uipime siku hizo hizo.

Hatua ya 2: Hakiki mizani. Iweke kwenye sakafu ya saruji, si juu ya mkeka. Kila asubuhi pima dumu lile lile la maji. Ikisoma tofauti na jana, usianze kazi.

Hatua ya 3: Pima mwili. Wanawake wapimwe na mwanamke, chumbani, bila viatu wala buibui. Uzito gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 78 na mita 1.56 hutoa 32, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Mimi nakiamini zaidi kiuno. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi. Pima mara mbili. Mwanamke akizidi sentimita 88, au mwanamme 102, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imepanda sana.

Uliza pia kilo ya sukari hukaa siku ngapi nyumbani, na walaji ni wangapi. Swali hilo hujibiwa kwa urahisi kuliko "unakula sukari kiasi gani?"

Hatua ya 4: Rudi baada ya mwaka, msimu ule ule. Ukipima Shaabani kisha Mfunguo Mosi, umepima Ramadhani na Sikukuu.

Hatua ya 5: Wafuate waliotoweka. Hapa ndipo nilipokosea mwanzo: niliwahesabu waliokuja tu, nikaona mafanikio makubwa. Nilipopiga hodi kwa wasiokuja, wengi walikuwa wamenenepa, na walikuwa wakiona haya. Mafanikio yangu yakabaki kidogo sana, na hayo ndiyo niliyoandika kwenye ripoti.

Hatua ya 6: Toa mabadiliko ya shehia isiyo na kampeni kwenye mabadiliko yenu. Tuseme viuno vyenu vimepungua wastani wa sentimita 3, na vya shehia ya pili 1. Kampeni ihesabiwe 2, si 3.

Majibu ya jumla yapeleke kwa sheha. Ya mtu mmoja mmoja mpe mwenyewe mkononi, karatasi imekunjwa. Uzito wa mtu hausomwi barazani.