Umekuta watu wamelala na jiko la mkaa ndani? Fuata mpangilio huu

Juni na Julai, baridi ya Njombe ikikolea, majiko huhamia vyumbani. Mimi ni muuguzi, na msimu huo huwa nasikia kauli ileile: "Lakini mkaa ulishashika vizuri, haukuwa na moshi." Mtego uko hapohapo. Moshi ungekukohoza ukaamka. Kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi.

Hatua ya 1: Watoe nje. Vuta pumzi ukiwa nje, ingia, acha mlango wazi kabisa, mburute aliye karibu. Usianze kumpepea humo ndani wala kuhangaika na jiko. Ukikawia utalala pembeni yake. Mkiwa wawili, mmoja abaki mlangoni.

Hatua ya 2: Tazama kifua. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka haraka. Kama anapumua ila hana fahamu, mlaze ubavu. Maziwa weka kando! Sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na aliyezimia ukimnywesha yatamwingia mapafuni.

Hatua ya 3: Piga simu. Tanzania zimamoto ni 114. Kenya piga 999. Wakati huohuo mwingine atafute gari.

Hatua ya 4: Mkifika hospitali, taja jiko. Usiseme tu "kaanguka". Kichwa kuuma, kutapika, kizunguzungu na mwili kuishiwa nguvu hufanana mno na malaria, na bila kutajwa jiko hata sisi tunaweza kupotea njia.

Halafu kuna kile kipimo cha kubana kidoleni, kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu. Kinaweza kuonyesha 98 na mgonjwa yuko hoi. Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kipimo cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo namba nzuri isiwatulize. Kinachotakiwa ni oksijeni ya barakoa, mapema. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu; kwa oksijeni nyingi ya barakoa ni kama saa moja na nusu, au pungufu.

Waliolala chumba hicho waende wote, hata anayesema yuko salama. Mjamzito msimwache kabisa, maana mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama anavyojisikia.

Hatua ya 5: Mwangalie kwa wiki kadhaa. Akianza kusahausahau, kubadilika tabia au kuyumba anapotembea, mrudisheni.

Hatua ya 6: Usiku unaofuata. Wapo wanaoweka sufuria la maji pembeni ya jiko ili "linyonye sumu". Halinyonyi kitu. Dirisha la kuchungulia halitoshi, na makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa sumu. Jenereta ndani ya duka nayo ni vilevile. Ongeza blanketi, au jaza chupa maji ya moto uifunge kwa kanga. Ukihofia jiko kuibiwa, mwaga makaa nje, yamwagie maji hadi yazimike, kisha uingize jiko tupu.