Dripu wakati wa upasuaji mkubwa wa tumbo: piga hesabu kabla ya kutundika

Wenzangu tunaotoa dawa za usingizi, tuchukue mgonjwa wa kilo 60 anayefunguliwa tumbo kwa sababu utumbo umejisokota.

1. Kabla ya kumlaza usingizi. Ametapika, na maji mengi yamekwama ndani ya utumbo. Tumbo limejaa, mishipa mikavu. Weka kanula mbili nene, namba 16 au 18. Mpe Ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi) mililita 250 hadi 500, kisha pima tena mapigo na presha. Akilazwa usingizi angali mkavu, dawa za usingizi zitaiporomosha presha.

2. Maji ya msingi. Mililita 3 kwa kilo kwa saa ni 180. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 60 kwa dakika: tone moja kila sekunde. Salaini (dripu ya maji ya chumvi) ikiwa nyingi huongeza kloridi na asidi katika damu, kwa hiyo mimi huanza na Ringa.

3. Hesabu damu. Hapa usione haya kusumbua watu. Soma chupa ya sakshen (mashine ya kufyonza damu), kisha punguza kwenye hesabu maji ya kuoshea tumbo. Shashi zilizolowa zipimwe kwenye mizani, uzito wa shashi kavu utolewe. Gramu moja inayobaki ni kama mililita moja ya damu. Mgonjwa wetu ana damu lita 4.2 hivi (mililita 70 kwa kilo). Zikitoka mililita 600, amepoteza sehemu moja ya saba. Piga simu benki ya damu sasa, presha ingali nzuri. Damu ikija, usiipitishe mpira mmoja na Ringa, kwani Ringa ina kalsiamu inayoweza kuigandisha damu hiyo.

4. Presha ikishuka. Chungulia kwanza kidonda na kiwango cha usingizi. Kama hatoki damu na dawa ndizo zimelegeza mishipa, mpe dawa ya kupandisha presha, efedrini au fenilefrini. Ukishuku upungufu wa maji, mpe mililita 250 kwa dakika 10 hadi 15. Hakuna badiliko? Usirudie kwa mazoea. Tafuta sababu nyingine.

5. Mkojo. Tunalenga mililita 30 kwa saa, lakini mwili ulio chini ya kisu huzuia mkojo wenyewe. Mkojo mchache peke yake haudai chupa mpya. Wala usimbanie: utafiti wa RELIEF wa mwaka 2018, kwa wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa tumbo, ulionyesha figo ziliumia kwa asilimia 8.6 ya waliobaniwa maji, dhidi ya 5.0 ya waliopewa kwa ukarimu.

6. Makabidhiano. Andika maji yaliyoingia, damu iliyotoka na mkojo, kisha msomee nesi wa wodi kwa sauti.